Tangazo la Somo la Sita

Kamati ya Mawasiliano ya chuo chetu ilikuwa na wajumbe saba na sifa moja kubwa: haikuwahi kujibu barua. Ukitaka kuipata, ulimwandikia mwenyekiti, mwenyekiti akampa katibu, na katibu akaiweka barua yako kwenye faili la kijani ili isipotee. Nalijua faili hilo vizuri kwa sababu katibu nilikuwa mimi. Kazi yangu hasa ni ukutubi. Nilitiwa kwenye kamati kwa hoja kwamba maktaba ina vitabu, vitabu vina maneno, na maneno ndiyo mawasiliano yenyewe. Sikupinga. Vikao vilikuwa na chai.

Mwenyekiti tulimwita Nukta Moja, kwa kuwa kila alipoinuka alianza na "nina nukta moja tu", akaketi baada ya dakika arobaini. Alifundisha stadi za kusikiliza.

Mwaka huo wakubwa wa makao makuu walituagiza tutengeneze masomo huria ya mawasiliano na habari. Huria maana yake ni hivi: unayaweka kwenye tovuti, na mtu yeyote, awe mwalimu wa shule ya msingi au muuza duka, anaruhusiwa kuyachukua bila kuomba, akayachapa, akayatafsiri, akayapunguza au kuyaongeza, mradi ataje aliyeyatunga. Nukta Moja aliposikia "bila kuomba" alikunja uso. "Sasa heshima itatoka wapi?" akauliza. Lakini agizo ni agizo, kwa hiyo kamati ilifanya kile inachofanya kila inapopewa kazi: ilitafuta mtu asiyekuwa mjumbe.

Zigo likamwangukia shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mwalimu aliyekuwa na miaka miwili tu chuoni na hajajifunza bado kukataa. Aliandika miezi minane. Yakatoka masomo kumi na mawili: namna ya kuandika barua ikaeleweka, namna ya kumhoji mtu, namna ya kupiga picha bila kumdhalilisha anayepigwa, namna ya kuipima habari kabla ya kuisambaza. Yote mepesi, yanafunguka hata kwenye simu iliyopasuka kioo.

Rasimu ilipofika kamatini tuliipitia kwa umakini usio na mfano. Kikao cha kwanza tulijadili rangi ya jalada. Cha pili, kama nembo ya chuo ikae kulia au kushoto. Cha tatu, picha ya Mkuu wa Chuo kwenye dibaji, iwe na tai au isiwe na tai. Cha nne, mjumbe mmoja aliuliza kama ndani mna makosa ya tahajia, na Nukta Moja akamjibu kwamba hilo ni swali zuri, na litaendelea kuwa zuri. Kisha ikapitishwa fomu. Iliandikwa: "Nimesoma masomo yote kumi na mawili na nimeridhika." Tukaweka saini, wote saba. Ya kwangu ilikuwa nzuri kuliko zote, ina mkia.

Siku ile ile shemeji alinikuta kwenye ngazi za maktaba. "Haya, shemeji, umeyaonaje?"

"Acha tu," nikamwambia. "Lile la tatu limenitoa machozi."

Alinitazama kidogo, kisha akashukuru.

Uzinduzi ulifanyika Jumatatu. Mkuu wa Chuo alisoma hotuba kwamba masomo haya yatamkinga kijana na habari za uongo, kwamba ni ya kila mtu, kwamba elimu sasa haina ukuta. Aliisoma yote, pamoja na mahali palipoandikwa "tua hapa wapige makofi". Tukapiga. Shemeji alikaa safu ya nne, nyuma ya mjumbe aliyeshughulikia rangi ya jalada.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nafunga kamba za viatu sebuleni, mama mkwe akatoka chumbani kwake na simu mkononi. Mama anaishi nasi. Yumo kwenye makundi kumi na tisa ya simu, na hakuna hata moja analoliacha likalala njaa.

"Baba, ndiyo nini hii?" akaniuliza. "Chuo kinafungwa, na wewe umeninyamazia!"

"Kinafungwa na nani, mama?"

"Na mkuu wenu. Soma mwenyewe. Nimeshawatumia wenzangu kumi, kama walivyoagiza."

Nikasoma. Ilikuwa picha, na kwenye picha hiyo pameandikwa hivi:

"TANGAZO LA HARAKA!!! Chuwo kitafungwa kuanzia Ijumaa mpaka mtakapotangaziwa tena, kwa sababu pampu ya maji imekufa ghafla. Wote mtoke kwa lango la nyuma. Usipuuze, waliopuuza yaliwakuta! Tuma kwa watu kumi. Wenu, Mkuu."

Nafanya kazi katikati ya vitabu elfu tisa. Nina shahada ya kupanga maarifa kwenye rafu. Nilisoma maneno yale mara mbili, nikamrudishia mama simu yake, nikasema, "Afadhali. Nitapata kupumzika."

"Na mdogo wake mkeo simu yake haipatikani," mama akaongeza. "Sijui kama ana habari."

Hakuwa nayo. Alikuwa amekwenda shule moja nje ya mji kuwaonyesha walimu masomo yake, na simu aliizima ili awasikilize. Tabia hiyo kwetu kamatini ilihesabiwa kuwa ya ajabu.

Nilipofika chuoni, wanafunzi walikuwa wanashuka mabwenini na magodoro kichwani. Sikumuuliza mtu. Nilichukua karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa MAKTABA IMEFUNGWA KWA AGIZO LA MKUU, nikaibandika mlangoni, kisha nikaenda ofisini kwa Mkuu kuomba nakala ya tangazo. Nilitaka kuiweka kwenye faili.

Nilimkuta amekaa, simu mezani, Nukta Moja amesimama pembeni yake.

"Mkutubi," Mkuu akaniambia, "hili tangazo nilisaini lini?"

Nukta Moja akanijibia. "Mkuu, wewe unasaini mengi. Jana tu umesaini barua thelathini na mbili."

"Ni kweli. Na pampu imekufa?"

"Si imeandikwa hapo, Mkuu?"

"Basi imekufa." Akafikiri kidogo. "Nani aliyenishauri? Maana uamuzi wenyewe ni mzuri."

Nukta Moja akakohoa kikohozi cha unyenyekevu.

Mkuu akainuka, akageukia sinki lililo nyuma ya kiti chake, akanawa mikono. Maji yakatoka kwa kishindo mpaka yakamrukia shatini. Akajifuta kwa taulo, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Shida ya maji ni mbaya sana," akasema. Sisi wawili tukaitikia kwamba ni mbaya. Sikuona tatizo lolote wakati ule, na naapa kwamba macho yangu hayana kasoro.

Mkuu akaona hakuna haja ya kubaki kwenye chuo kisicho na maji. Akatupa lifti. Nukta Moja akakaa mbele, mimi nyuma na mafaili.

Langoni tulikuta watu kama mia tatu. Wengine walikuwa wametoka kulitafuta lango la nyuma, wakakutana na ukuta, wakarudi. Lango lenyewe lilikuwa limefungwa kwa kofuli, na mbele yake amesimama mlinzi wetu. Ni mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi, na kila mtu humwita Kamanda, ingawa hajawahi kumwamuru mtu zaidi ya kusema "andika jina hapa". Mkuu akapiga honi. Kamanda akaja dirishani, akakakamaa.

"Za asubuhi, Mkuu."

"Nzuri. Fungua, Kamanda. Tunafunga chuo."

"Kwa tangazo lipi, Mkuu?"

"Tangazo langu."

"Ni hili?" Kamanda akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua taratibu. "Maana hili ni zoezi, Mkuu. Liko kwenye somo la sita. Hapa juu mwalimu ameandika: 'Tangazo lifuatalo ni la uongo. Tafuta makosa matano.' Walioanza kulituma wamekata maneno ya juu, wamebakiza ya chini."

Nukta Moja ndiye aliyepata sauti kwanza. "Wewe hiyo nyaraka umeipata wapi? Hiyo ni nyaraka ya kitaaluma."

"Kwenye tovuti, mzee wangu. Si Jumatatu mlisema ni ya kila mtu? Nikasema, hata mimi ni mtu. Nimeyachapisha yote pale dukani, maana kusoma kwenye simu macho yananiuma. Muda ninao, langoni hapa hapana vikao."

Wanafunzi walianza kusogea. Mkuu alitazama karatasi kama mtu anayetazama nyoka kwenye kikapu cha nguo. "Makosa gani?" akauliza kwa sauti ndogo.

Kamanda akahesabu kwa vidole. "Halina tarehe. Halina jina la mtu wala mhuri. Chuo kimeandikwa kwa herufi isiyo yake. Linamtisha msomaji ili akimbie kabla hajafikiri. Na linataka litumwe kwa watu kumi, na ofisi ya watu wazima haiombi hivyo. Hayo ni matano. Mimi nimepata la sita, ambalo hata mwalimu mwenyewe hakulijua: lango la nyuma lilizibwa kwa matofali kabla hajaajiriwa. Nilimshikia fundi ngazi."

"Na pampu?"

"Nimeiwasha mwenyewe saa kumi na mbili. Lakini, Mkuu, hilo shati si limelowa maji?"

Msichana mmoja aliyekalia ndoo ndiye aliyeanza kucheka. Kicheko kikapita kutoka godoro hadi godoro mpaka kikafika kwa walio mbali, ambao hawakujua wanacheka nini lakini hawakutaka kupitwa. Mkuu akabonyeza kitufe apandishe kioo. Kioo kile kilipanda polepole sana, na kicheko kikapata nafasi ya kuingia chote.

Baadaye tulijua ilivyokuwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alikata picha ya tangazo akamtumia shangazi yake amjaribu kama ataona makosa. Shangazi hakuona kosa hata moja. Aliona maneno "watu kumi", akatii.

Ijumaa kikaitwa kikao cha dharura cha Kamati ya Mawasiliano, Mkuu akiwamo. Ajenda ya kwanza ilikuwa chanzo cha taharuki. Kwa lugha ya mtaani, tumtupie nani. Shemeji aliitwa, akaketi kwenye kiti cha plastiki kilichowekwa mbali na meza, na mkoba wake magotini.

"Nina nukta moja tu," alisema Nukta Moja, nasi tukaegemea viti. Kwa dakika ishirini alieleza kwamba mwalimu alitunga uongo kwa jina la Mkuu, akauweka hadharani, akatingisha taasisi.

Shemeji alimngoja amalize. Kisha akasema kwa upole, "Mzee, tangazo lilikuwa kwenye rasimu. Wajumbe wote saba mlisoma, saini zenu hizi hapa. Kama mlisoma, basi jana mlijua ni zoezi. Na kama hamkujua..." Akaishia hapo.

Nimewahi kuona watu wamenaswa mlangoni na begi la wizi, lakini sijawahi kuona sura kama zile. Wajumbe walitazama dari, wakatazama vikombe. Hatimaye yule wa rangi ya jalada akasema, "Mimi nililitambua mara moja."

"Hata mimi," akadakia mwingine. "Nikanyamaza makusudi, nione wanafunzi watafanyaje."

"Ilikuwa kama jaribio," akasema wa tatu.

Nukta Moja akaona kamba imetupwa, akaidaka. "Si kama. Ilikuwa jaribio lenyewe. Zoezi kwa vitendo." Na Mkuu, ambaye tangu Alhamisi alikuwa hapiti karibu na lango kwa miguu, uso ukamng'aa. Akasema ndiyo sababu alikwenda na gari hadi pale, kumpima mlinzi. Mlinzi amefaulu. Apewe barua ya pongezi.

Uongo ule ulikua mbele ya macho yangu kama unga uliotiwa hamira. Ulipoiva, Nukta Moja akanigeukia. "Katibu, andika: kamati ililitambua tangazo mara moja, ikaendesha jaribio. Hata hivyo, mwalimu hakutoa tahadhari ya kutosha kwa umma. Apewe onyo la maandishi."

Nilishika kalamu. Shemeji hakunitazama. Alikuwa anatazama mkanda wa mkoba wake, anauzungusha kidoleni, kama anavyofanya mke wangu akizuia kulia. Nikawaza karatasi niliyoibandika kwenye mlango wa maktaba kwa mwandiko wangu mwenyewe, tena kwa herufi kubwa.

"Mimi sikusoma," nikasema.

"Hukusoma nini?"

"Chochote. Hata jalada sikulifungua. Nilisaini tu. Na jana niliamini kila neno, nikafunga maktaba." Nilitaka kuongeza "na nyinyi nyote vilevile", lakini ujasiri nao una kipimo chake, na wangu ulikuwa umekwisha kwenye sentensi hiyo.

Ungedhani nimewatia aibu. Wapi! Niliwapa nafuu. Walikuwa wanatafuta mtu wa kubeba, na mtu amejileta na kamba yake mwenyewe. Onyo la mwalimu likafutwa papo hapo, likaandikwa langu, kwa kosa la "uzembe wa kutosoma nyaraka za chuo". Kati ya wajumbe saba, uchunguzi ulibaini kwamba asiyesoma alikuwa mmoja. Na kwa kuwa katibu ni katibu, onyo hilo nililiandika mwenyewe.

Nilirudi nyumbani nikijiona shujaa kidogo, sitaki kudanganya. Jumapili shemeji alipokuja, nilikaa mkao wa mtu anayengoja kushukuriwa. Alisalimia wote, akakaa, akaniuliza mbele ya mke wangu na mama mkwe:

"Shemeji, lile somo la tatu lilikutoa machozi?"

"Nilisema hivyo, ndiyo."

"Somo la tatu ni namna ya kupokea ujumbe wa simu ofisini. Nani amepiga, saa ngapi, apigiwe namba gani. Machozi yalitokea wapi hapo?"

Mke wangu alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Mama mkwe alijaribu kuniokoa. "Mwache mwenzio," akasema. "Labda alimkumbuka mtu aliyempigia."

Shemeji hakucheka. "Miezi minane," akaniambia. "Wale wengine nilijua hawatasoma. Wewe nilikuamini kwa sababu ni mtu wa vitabu. Ulipolia kwa ajili ya la tatu nilirudi kulisoma upya, nikitafuta nilichoandika kizuri hivyo." Akajitia kukohoa, akamwomba mama chumvi. Onyo la Mkuu halikuniuma. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Kamati nayo iliamua kuyaondoa masomo kwenye tovuti "kwa marekebisho". Ilichelewa. Kitu ulichokwisha kuwapa watu bure hakirudi bandani ukikiita kuku kuku. Mwalimu mmoja wa mbali alikwisha kuligeuza somo la sita kuwa mchezo wa kuigiza darasani. Mwingine alikuwa ametafsiri manne kwa lugha ya nyumbani kwao, akaongeza mazoezi yake. Barua za shukrani zilifika, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kamati nilizijibu, bila kumwambia mtu.

Wiki ya tatu akaja mgeni kutoka makao makuu, kuwaona wataalamu walioandaa kazi hiyo inayosifiwa. Nukta Moja alipanga wajumbe mezani, wote wamevaa tai. Shemeji alipewa nafasi ya kumwongoza mgeni hadi mlangoni na kubaki hapohapo. Mgeni akafungua daftari, akauliza, "Niambieni, lile somo la tisa mlilifanyiaje majaribio?"

Kimya. Wote saba tuliikodolea meza macho, kwa kuwa mimi nilikuwa nimefika la nne tu. Nusu dakika ikapita, ikapita nzima. Mgeni akatabasamu, akasogea kitini, akaanza kujaza pengo mwenyewe. Akasema yeye alipenda sana jalada. Akasema, kusema kweli, ofisini kwao wamepitia jalada hasa. Akasema, baina yetu, hakuna aliyefika mbali zaidi ya dibaji, isipokuwa yeye, ambaye jana usiku ndani ya basi alisoma la tisa tu. Kisha akapiga kofi mezani kwa furaha.

"Mmenipata! 'Uliza, kisha nyamaza, mwache mwenzako aujaze ukimya.' Si ndilo somo la tisa hilo? Mmenifanyia hapahapa!"

Nukta Moja akainamisha kichwa, kwa unyenyekevu uleule. Kamati ikapewa cheti. Mlangoni, shemeji alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamtikisika, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile macho yetu yakakutana, naye akacheka waziwazi.

Masomo yalirudishwa kwenye tovuti siku iliyofuata. Shemeji aliliandika la sita upya, na kwenye orodha ya watunzi akamwongeza Kamanda. Kamati ilitumia vikao viwili kujadili cheo gani kitangulie jina lake, maana orodha ile haijawahi kuwa na mlinzi. Kamanda mwenyewe hakuhudhuria. Alisema ana darasa.

Ni kweli analo. Kila Jumanne saa saba mchana, wapishi, wafagizi na madereva wa chuo hukaa kwenye mabenchi kando ya kibanda chake, na yeye huwasomesha somo moja kutoka kwenye karatasi zake, polepole, bila kuruka mstari. Jumanne iliyopita nilimwomba nafasi, akanionyesha benchi la mwisho. Aliuliza utamjuaje mwandishi anayekupa maoni yake akijifanya anakupa habari. Nilikuwa nafikiri bado, mpishi wa chai akainua mkono.